Namna ya kuwasimulia wakulima wa korosho kisa cha Kino na lulu yake

Kama umeshika The Pearl ya John Steinbeck na unataka kuwasimulia watu wa kwenu, jiwekee sharti moja kabla hujafungua mdomo: ile methali ya "tamaa mbele, mauti nyuma" iache nyumbani. Najua itakuwasha ulimini. Kisa chenyewe kinaiita: maskini kapata lulu kubwa kuliko zote, kakataa bei aliyopewa, kapoteza mtumbwi, nyumba na mtoto. Ukiitamka tu, wazee watatikisa vichwa, watasema "kweli kabisa", na hadithi itakuwa imefia hapo hapo. Hakuna atakayeuliza lulu ile ilipangiwa bei na nani, wala kwa nini wanunuzi wa mji mzima walikuwa na kauli moja.

Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi huku Mtwara vijijini. Kwetu hasa ni Mikindani. Msimu ukifunguliwa, Oktoba hivi, kazi yangu ni kupima magunia na kuandika, na kazi ya mkulima ni kusubiri. Anasubiri gari la kwenda ghala kuu, anasubiri mnada, anasubiri fedha ziingie benki. Wasikilizaji wangu nimewapata katika kusubiri huko. Ninachoandika hapa ni kwa ajili ya mtu mwenye kitabu, mwenye Kiingereza cha kumtosha kukisoma, na mwenye watu waliokaa chini ya mwembe wakiangalia barabara.

Kitabu ni kifupi, sura sita tu. Kisome chote mara ya kwanza bila kuandika lolote, uone kinakuuma wapi. Mara ya pili kaa na daftari, lakini usiandike maneno ya mwandishi, andika vitu: sanduku la kuning'iniza mtoto, kamba yake, jiwe la kuzamia, sarafu, mtumbwi wa babu, lango la daktari. Nani kashika nini, na kimeishia wapi. Ukivikumbuka vitu, maneno yatakuja kwa Kiswahili chako mwenyewe. Ukijaribu kutafsiri mstari kwa mstari mbele ya watu utakwama kwenye maelezo ya mawimbi na mwanga wa asubuhi, nao watarudi kwenye bao.

Majina usiyabadilishe. Kuna watu humgeuza Kino kuwa Saidi wa Msimbati ili wasikilizaji wajisikie wako nyumbani. Usifanye hivyo, kwa sababu ya kawaida kabisa: ukishamweka Msimbati, watu wataacha kusikiliza waanze kubahatisha daktari ni nani na padri ni nani, na kesho utaulizwa kwa nini umemsema fulani. Mwache Kino akae La Paz, mji wa bandari kwenye Ghuba ya California, nchini Meksiko. Mkewe Juana, tamka Huana. Mtoto wao Coyotito. Kaka mkubwa wa Kino ni Juan Tomás, na mke wa kaka huyo ni Apolonia. Majina matano yanatosha. Daktari, padri na wanunuzi hawana majina hata kitabuni, na hilo litakusaidia.

Anza na hadithi ya ndani ya hadithi. Steinbeck hakuibuni lulu hii kutoka hewani. Mwaka 1940 alisafiri kwa chombo cha uvuvi kiitwacho Western Flyer pamoja na rafiki yake Ed Ricketts, mtaalamu wa viumbe wa baharini, wakizunguka ghuba ile kukusanya viumbe vya pwani. Huko La Paz akasikia kisa cha kijana aliyepata lulu kubwa mno. Katika kitabu cha safari hiyo, kilichotoka mwaka 1941, anakieleza kwa ufupi. Kijana yule alikuwa na mipango yake: atakunywa pombe mpaka atosheke, atajichagulia msichana, atatoa fedha za misa ili jamaa zake waliokufa wapumzike. Kwa wanunuzi akapewa bei ya dharau. Akaificha chini ya jiwe. Usiku akapigwa, usiku mwingine akapigwa tena, wakamtesa aseme ilipo. Mwishowe akaichukua, akailaani, akaivurumisha baharini. Akabaki hana kitu, yuko huru, na akacheka.

Simulia hii kwanza, dakika tano tu, kwa "Paukwa!" na "Pakawa!" kama unavyowasimulia watoto. Kisha waambie: mwandishi mwenyewe aliitilia shaka. Alisema kijana huyo ana busara kupita kiasi, ushujaa kupita kiasi, binadamu hafanyi hivyo. Basi akakaa, akampa mzamiaji mke, akampa mtoto wa kunyonya, akaisimulia upya. Ilitoka kwanza katika jarida la Marekani mwaka 1945, ikawa kitabu mwaka 1947. Hapo waulize swali moja na uwaache walijibu kabla hujaendelea: kijana yule angekuwa na mke na mtoto anayeumwa, angeitupa lulu mapema vile? Mtashangaa mtakavyogawanyika. Mabishano hayo ndiyo yatakayowavuta hadi mwisho, kwa hiyo usiyazime.

Sura ya kwanza isimulie polepole. Alfajiri, nyumba ya matete, Juana anawasha moto, mtoto amelala kwenye sanduku lililoning'inizwa kwa kamba kutoka juu. Nge anashuka kwenye kamba. Kila mtu wa huku amewahi kukung'uta kiatu asubuhi, hivyo huna haja ya kutisha watu kwa sauti. Punguza mwendo tu. Juana ananong'ona dua za jadi zao, kisha ananong'ona sala ya kanisani juu yake. Kino ananyoosha mkono. Mtoto anacheka, anatikisa kamba, nge anamwangukia begani.

Hapa kuna jambo la nyimbo. Kino anasikia nyimbo kichwani: Wimbo wa Familia, Wimbo wa Uovu, baadaye Wimbo wa Lulu. Kitabu hakitoi maneno yake, nawe usitunge. Mwombe mama mmoja avumishe tu sauti ya kubembelezea mtoto, mdomo umefungwa, kila familia ile inapokuwa salama. Kwa uovu mimi hutumia msumari kwenye debe tupu, taratibu. Baada ya mara mbili tatu huhitaji kueleza chochote. Watu watasikia debe, watajua.

Juana ananyonya sumu kwenye jeraha, kisha anasema aitwe daktari. Majirani wanajua daktari hatakuja kwenye vibanda vyao, basi wanaandamana wote kwenda kwake, mji mzima nyuma ya mama na mtoto, na ombaomba wanne wa mbele ya kanisa wanafuata kuona yatakayotokea. Daktari yuko kitandani anakunywa chokoleti, anawaza Paris alikowahi kuishi. Anauliza kama wana fedha. Kino anafungua karatasi yenye vilulu vinane vidogo, vibaya, visivyo na thamani. Mtumishi anarudi langoni na kusema daktari ametoka. Kino analipiga lango ngumi, vidole vinachuruzika damu. Mwandishi anaeleza kwamba watu wa jamii ya daktari waliwapiga, wakawanyima chakula na kuwadharau watu wa Kino kwa karibu miaka 400. Itaje sentensi hiyo mara moja na upite. Wazee wa Kusini hawahitaji kuelezwa ukoloni.

Kupatikana kwa lulu kusikuchukue muda mrefu ukiwa bara. Ukiwa Mikindani au Shangani, jiandae, maana wavuvi watakuhoji: anashikaje jiwe, ana kamba ngapi, anakaa chini muda gani. Kamba ni mbili, moja ya jiwe zito la kumshusha, nyingine ya kikapu cha chaza. Mtumbwi ameurithi kwa baba yake, naye baba kwa babu. Wakati Kino yuko chini, Juana amemwekea mtoto mwani begani, na mwandishi anasema dawa hiyo ilikuwa nzuri sawa na ya daktari, pengine zaidi. Ilikosa heshima tu kwa kuwa haikulipiwa. Chaza mkubwa Kino anamfungua mwisho kabisa, kwa makusudi, maana ukikitamani kitu kupita kiasi unakifukuza. Ndani kuna lulu ya ukubwa wa yai la shakwe.

Kisha mji unapata habari, na hapa ndipo kazi ya msimulizi inapoanza kweli.

Sura ya tatu ina orodha mbili. Usiziharakishe. Ya kwanza ni ya watu wa mji: padri anawaza ukarabati wa kanisa, wenye maduka wanawaza nguo zisizouzika, daktari anasema Kino ni mteja wake, ombaomba wanachekelea kwa kuwa maskini aliyepata ghafla huwa hana mkono wa birika. Ya pili ni ya Kino mwenyewe. Anaulizwa atafanya nini. Anataka kufunga ndoa kanisani na Juana. Anataka nguo mpya. Anataka chusa jipya badala ya lile lililopotea. Anataka bunduki. Na anataka Coyotito aende shule, ajue kusoma, ili awaambie kilichoandikwa vitabuni ni nini hasa.

Zichore orodha hizo mbili chini, kwenye mchanga, kijiti tu. Waambie wasikilizaji waoneshe tamaa iko wapi. Bunduki itazua ubishi. Nguo hakuna atakayezigusa. Ndoa, mabibi watasema alichelewa. Shule ndiyo itakayowanyamazisha, hasa walio na mtoto aliyefaulu kidato cha nne anayesubiri korosho ziuzwe. Usiwape jibu lako. Mimi ninalo: naona orodha ya Kino yote ni ya mtu anayetaka kuishi kama watu, na orodha ya mji ndiyo ya tamaa, ila hukaa nalo kifuani mpaka mwisho.

Daktari anakuja usiku huo, sasa anakijua kibanda kilipo. Anampa mtoto unga mweupe. Baada ya muda mtoto anatapika na kukakamaa. Daktari anarudi tena na kumponya. Kitabu hakisemi waziwazi kwamba alimfanya augue. Nawe usiseme. Simulia mpangilio wa matukio tu, saa kwa saa, kisha simulia daktari anavyoulizia malipo huku akiyafuata macho ya Kino aone yanatazama wapi sakafuni. Lazima mtu atapiga kelele "Ala! Huyu ndiye!" Akilisema yeye, kila aliyekaa hapo atamwamini kuliko angekuamini wewe.

Swali jingine litakuja hapa, na vitabu vya mitihani havitakuandaa kulijibu: mjomba wa mtoto yuko wapi? Kwa Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ana sauti. Katika kisa hiki yupo baba mkubwa tu, Juan Tomás, mtu wa busara na mwaminifu. Ndugu za Juana hawatajwi. Jibu kwamba mwandishi hakuwaleta, na uendelee, lakini bibi mmoja aliwahi kusema wangekuwepo wajomba, mipango ile mitano isingepangwa na mwanamume mmoja peke yake akiangalia lulu. Sijapata wa kumpinga.

Sasa mnada. Hii ni sura ya nne, na kama una jioni moja tu, isimulie hii. Ichezeni. Mchague Kino kati ya wakulima, mtu mwenye maneno. Wachague wanunuzi wanne. Lulu iwe korosho moja, kubwa, safi, ya daraja la kwanza. Wanunuzi wavute pembeni, Kino asisikie, uwape kauli zao. Wa kwanza atasema: kubwa mno, nani ataivaa, hii ni kitu cha kuonyesha watu tu, nakupa 1,000. Wa pili atasema haitaki kabisa, hata bure. Wa tatu ataigeuzageuza, ataitazama kwa lenzi, atasema ni laini kama chokaa, itapoteza rangi miezi michache ijayo. Wa nne atasema 500. Kino akisema anaondoka, wa kwanza apande ghafla hadi 1,500. Kino yeye anashikilia 50,000. Fedha ni peso, usizibadilishe ziwe shilingi.

Mpe mnunuzi wa kwanza sarafu ya 200. Kitabuni ana mchezo wa kuizungusha juu ya vifundo vya vidole, nyuma ya meza, bila kuiangalia, uso unatabasamu. Lulu inapowekwa juu ya kitambaa, uso haubadiliki, lakini sarafu inamponyoka na kuanguka mapajani. Mwelekeze mwigizaji wako aiangushe kweli. Atakayeiona sarafu ikianguka amejua thamani ya lulu kuliko Kino, na wengi wataiona, kwa sababu watu wa huku tumezoea kutazama mikono ya anayepima, si mdomo wake.

Baada ya mchezo ndipo uwafunulie siri uliyowanong'oneza wanunuzi. Katika La Paz ya kitabu hakukuwa na wanunuzi wengi. Alikuwa mmoja, mwenye mawakala kwenye ofisi tofauti, ili ionekane wanashindana. Na kuna jambo la ndani zaidi, nalipenda kuliko yote: mawakala wale walikuwa wa mshahara. Bei ikishuka hawapati senti ya ziada. Hata hivyo furaha yao, fahari yao yote, ilikuwa kununua kwa bei ya chini kabisa. Waulize wakulima tamaa ya namna hiyo inaitwaje, ya mtu anayekunyang'anya bila hata kufaidi. Usikubali jibu la haraka.

Hesabu nayo ifanyeni, maana 50,000 na 1,000 ni namba tu mpaka uzilete kwenye mizani. Novemba 2018, baada ya wakulima kuzikataa bei za minada, serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kila mtu hapa anaikumbuka namba hiyo. Igawe kwa 50. Unapata shilingi 66. Basi umbali kati ya alichotaka Kino na alichopewa ni kama mtu anayetaka 3,300 kuambiwa achukue 66 kwa kilo na ashukuru. Ongeza haki kidogo hapo: Kino mwenyewe hakujua lulu ina thamani gani, 50,000 ilimtoka mdomoni. Hilo lisemwe. Lakini asiyejua bei si lazima awe mwenye tamaa. Aliyemficha bei ndiye wa kuulizwa.

Mazungumzo yatahamia kwenye kangomba, huwezi kuyazuia. Mtu anakuja miezi ya njaa na hela kidogo mkononi, na korosho zikianguka anazipima kwa bakuli lake. Serikali imekataza, na sote tunajua kwa nini mtu hukubali. Waache waseme, kisha warudishe kwa Kino kupitia stakabadhi ghalani. Tangu mfumo huo uanze hapa Mtwara mwaka 2007, korosho hukusanywa pamoja, wanunuzi hutoa bei zao, bei husomwa, na wakulima wana nafasi ya kukataa. Kino alikuwa peke yake na kitu kimoja mkononi. Hapo uliza: angekuwa na ghala na chama, angepona? Watasema ndiyo. Kisha uliza tena: na wanaoshindana kununua wakiwa ni mikono ya bwana mmoja? Sisemi minada yetu iko hivyo. Nasema swali hilo litaulizwa na kijana yeyote mwenye akili, na ni afadhali ulitoe wewe.

Kwa bahati kitabu kimeliwaza hata hilo la chama. Kuna kisa kidogo ndani ya sura hii: zamani wazamiaji walikusanya lulu zao, wakamtuma mtu mmoja mji mkuu akauze kwa bei nzuri. Hakurudi. Wakamtuma mwingine. Naye hakurudi. Wakaacha, wakarudi kwa wanunuzi wa mjini. Kicheko kitakachotoka hapo kwa wanachama wa ushirika ni kikubwa na kina uchungu; kiache kiishe chenyewe. Halafu eleza padri alivyolitumia tukio hilo. Kila mwaka alihubiri kwamba wale walipotea kwa adhabu, kwa kuwa walitaka kuondoka mahali walipowekwa, na kila mtu ni askari wa kulinda kituo chake. Sasa unaona kwa nini nimekukataza methali. Ukifunga hadithi kwa kusema Kino aliponzwa na tamaa, umepanda mimbari ya yule padri.

Sura ya tano ina jambo ambalo wasimulizi wanaume huliruka. Juana anaamka usiku, anaichukua lulu akaitupe. Kino anamfuata ufukweni, anampiga usoni, anampiga teke ubavuni. Lisimulie lilivyo, fupi, bila kulipamba na bila kumtetea mtu. Kisha wape wanawake nafasi ya kusema kwanza, wanaume wasubiri. Ukiwaachia wanaume waanze, mazungumzo yatakwenda kwenye utii wa mke, nawe utakuwa umepoteza nusu ya baraza. Swali zuri la kuwapa ni hili: lulu ile ilikuwa ya nani? Aliyezamia ni mmoja, lakini nani aliendesha mtumbwi, na jeraha la mtoto nani alilinyonya?

Usiku huo huo Kino anavamiwa njiani, anaua mtu, na mtumbwi unakutwa umetobolewa. Ukiwa na wavuvi, simama hapa. Steinbeck anasema kuua mtu hakukuwa uovu mkubwa kama kuua mtumbwi, kwa kuwa mtumbwi hauna watoto wa kuulipizia, hauwezi kujitetea, na ukijeruhiwa haupoi. Mistari hiyo ndiyo pekee ninayowasomea kutoka kitabuni, kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili. Pale Mikindani mzee mmoja aliomba nirudie, halafu akaondoka kwenda kuangalia kamba ya mtumbwi wake. Kibanda nacho kinachomwa moto, wanajificha kwa Juan Tomás, wanaondoka usiku kuelekea kaskazini.

Safari ya milimani ipite upesi. Watu watatu wanawafuata, wawili kwa miguu wakisoma nyayo, mmoja juu ya farasi na bunduki. Pango, kidimbwi cha maji, giza. Kino anavua nguo zake nyeupe zisionekane, anashuka mwambani. Mtoto analia. Mwenye bunduki anadhani ni mtoto wa mbweha wa huko, anafyatua. Kino anawaua wote watatu, lakini risasi imekwishafika pangoni. Kama kuna watoto wadogo barazani, mimi huwapeleka kulala kabla ya pango, na si kwa sababu ya damu. Wataanza kuuliza Coyotito atapona lini.

Namna ya kufika mwisho: waoneshe wanavyorudi La Paz, Kino hatangulii na Juana hafuati nyuma, wanakwenda sambamba. Wanapita katikati ya mji hadi majini. Kino anamnyooshea mkewe lulu, yeye anasema hapana, tupa wewe. Anaitupa. Hapo uwarudishe kwa kijana wa hadithi ya kwanza, aliyetupa yake na kucheka, na uulize kwa nini huyu hacheki ilhali wametupa kitu kile kile. Swali hilo likikaa vizuri, chai inaweza kupoa.

Kwa walimu wenye wanafunzi wa sekondari, mchezo wa wanunuzi unafaa darasani bila kubadilisha chochote, ila ongeza kazi ya kuandika: kila mwanafunzi aandike ukurasa wa daftari la hesabu la wakala wa lulu, siku Kino alipokuja na siku tano zilizofuata. Ipo pia filamu ya Meksiko ya kisa hiki, imeongozwa na Emilio Fernández, lakini ioneshe baada ya kusimulia, si kabla, la sivyo watakusahihisha kila hatua.

Na kwenye kila kikundi yupo mzee atakayesema, mwisho kabisa, kwamba yote haya ni maneno, Kino angechukua zile 1,500 na yangekwisha. Usibishane naye. Mwambie msimu ujao yeye ndiye mnunuzi wa kwanza, umpe ile sarafu ya 200 akafanye mazoezi.